Daraja au Chemchemi

"Mnauza makosa?" Deolinda aliuliza, kidole kikiwa juu ya kitambaa cheupe kilichotariziwa mioyo na ndege. "Neno hili halina herufi ya mwanzo. Na hili limekatwa katikati kama mkia wa mjusi."

Muuza duka alicheka.

"Bibi, makosa ndiyo yanayonunuliwa. Wasichana wa zamani hawakusoma, walitarizi mapenzi yao walivyoyasikia. Hapa Vila Verde tunayanakili vilevile, kosa kwa kosa."

"Mimi nilitarizi changu, na sikukosea."

"Kwani wakati huo ulijua kusoma?" mdogo wake Albertina alidakia.

"Sikujua. Lakini nilikuwa makini."

Deolinda alikuwa na miaka sabini na minne. Alipofika arobaini na mmoja, akitoka kiwandani kushona mashati, alikwenda kusoma jioni mjini Braga, kaskazini mwa Ureno. Cheti chake kinaning'inia juu ya televisheni, na tangu hapo hakuna mtu wa familia aliyemtumia ujumbe bila kurudishiwa umesahihishwa. Mjukuu wake Mafalda, aliyekuwa akiwaendesha wiki ile kutoka mji hadi mji, alikuwa akiweka alama za mkato hata anapoandika orodha ya sokoni.

Ndani ya gari Deolinda aligeuka nyuma.

"Albertina, leo niambie ukweli. Kile kitambaa, ulimpa Custódio mkononi?"

"Mkononi! Nilikuwa na miaka kumi na miwili, ukaniahidi pipi. Mpaka leo sijaziona."

"Basi mbona hakuja?"

"Bibi, kitambaa gani tena?" Mafalda aliuliza.

"Zamani, mjukuu wangu, msichana alimtarizia kijana kitambaa. Jumapili akikivaa shingoni mbele za watu, amekubali. Asipokivaa, umekataliwa na kijiji kizima kinajua. Mimi niliandika: kivae, unisubiri darajani baada ya misa. Nikakaa pale hadi kengele ya jioni. Jumatatu nikasikia amekwenda Ufaransa."

"Labda aliumwa."

"Miaka hamsini na mitano?"

Baadaye aliolewa na mtu mwema, akazaa, akazika mume. Lakini tangu asikie kwamba Custódio amerudi kijijini, naye mjane, alitaka jambo moja tu kabla hajafa: kujua kwa nini alikataliwa. Mafalda alikuwa amepata namba kwa karani wa parokia, akaandika asubuhi ile bila kujua kisa chenyewe. Sasa simu ililia. Akaegesha gari, akasoma kwa sauti:

"Mwambie Deolinda nipo. Nami nina swali. Kitambaa ninacho."

"Geuza gari," Deolinda alisema.

"Bibi!"

"Ana swali? Yeye ndiye wa kuulizwa!"

"Ukigeuza, nashuka," Albertina alisema. "Nakwenda kwa miguu kudai pipi zangu."

Gari halikugeuzwa.

Custódio alikuwa amesimama langoni, nywele chache zimechanwa kwa maji.

"Karibuni. Kuna mkate wa mahindi, bado wa moto."

"Sikuja kula, Bwana Custódio. Kwa nini hukuja?"

"Mimi? Nilikaa tangu misa ilipoisha mpaka ng'ombe wakarudi zizini, kitambaa shingoni! Wanawake waliokuja kuteka maji walinicheka mmoja mmoja, kisha wakanicheka kwa pamoja. Mke wa mwokaji akanihurumia, akaniletea kiti."

"Kuteka maji wapi?" Mafalda aliuliza.

"Chemchemini. Si ndiko alikoniita?"

"Nilikuita darajani!"

"Chemchemini, Bi Deolinda."

"Darajani! Usinifundishe nilichokiandika mwenyewe!"

Mzee aliingia ndani, akarudi na mkebe wa biskuti. Kitambaa kilikuwa kimegeuka manjano kwenye mikunjo. Deolinda alivaa miwani, akakishika kama anavyoshika kazi ya kusahihisha. Ndege. Ufunguo. Moyo. Kisha maneno, kwa uzi mwekundu.

Kwa Kireno daraja ni *ponte*, na chemchemi ni *fonte*. Tofauti ni herufi moja. Ile P aliinakili kutoka kwenye gunia la unga, lakini tumbo la herufi hakulifunga. Ikawa F. F nzuri, iliyokazwa vizuri, isiyo na shaka yoyote.

"Sema, dada," Albertina alisema. "Kosa ni langu?"

"Nilikosea," Deolinda alisema.

Mafalda alikuwa hajawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Custódio alikaa kwenye ngazi.

"Kutoka chemchemini hadi darajani ni hatua mia tatu. Ningeweza kushuka nikuulize. Sikushuka. Niliona haya."

"Nami sikupanda."

"Swali langu lilikuwa moja tu. Ulikuwa na wale walionicheka?"

"Nilikuwa darajani nalia."

"Basi."

Deolinda aliomba sindano na uzi mwekundu. Mzee akakivuta kitambaa.

"Usikiguse. Hiki ni changu."

Jioni, kwa haraka, Mafalda alimwandikia mama yake: "Mama bibi anasema tunabaki hadi Jumapili." Deolinda alimnyang'anya simu, akaweka alama ya mkato baada ya "Mama", ndipo akautuma ujumbe.

Walikuwa wameahidiana kuonana Jumapili baada ya misa, ila mahali hawakutaja. Misa ilipoisha, Deolinda alipanda peke yake hadi chemchemini, akakaa kwenye jiwe. Robo saa ikapita. Nusu saa. Akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Darajani," Custódio alijibu. "Nimekuja ulikonisubiri. Wewe je?"

"Chemchemini! Nimekuja ulikonisubiri wewe."

Wote wawili wakacheka mpaka mzee akakohoa.

"Usiondoke hapo," alisema.

"Wewe ndiye usiondoke. Nashuka."

"Nami napanda."

Walikutana nusu ya njia, mbele ya duka la mkate. Watu wa misa walikuwa wamejaa mlangoni, na Albertina katikati yao, shavu limevimba kwa pipi alizonunuliwa na Custódio asubuhi ile. Kitambaa kilikuwa shingoni mwa mzee, herufi nyekundu nje, kila mtu aone.

"Kimekaa upande," Deolinda alisema.

"Kisahihishe, basi."

Aliinua mkono, ukafika karibu na fundo, ukasita. Kisha akaushusha, akamshika mkono.

"Kiache hivyo hivyo."