Mchoraji wa Mtaa wa Calloway

Jumamosi soko la samaki la Cleveland hujaa watu mpaka kugeuka ni taabu. Humo ndimo Odessa Pruitt alimokuwa akipita kwenye foleni kuomba sahihi, amevaa gauni la njano, nywele zimetuna kama taji. Jiji lilitaka kuubomoa Mtaa wa Calloway. Chama chetu cha wapangaji, ambacho Odessa alikuwa katibu wake, kilitaka tujengewe papo hapo, tusitawanywe.

Kijana mrefu mwenye koti la kahawia alitia sahihi, kisha akabaki akiitazama picha ya jengo iliyochorwa chini ya karatasi.

"Nani kachora hii?"

"Mimi. Ina kasoro?"

"Ghorofa nne, dada, na sioni ngazi."

"Watu wa Calloway wana imani. Watapanda hivyohivyo."

Alicheka mpaka muuza samaki akamwuliza kama ananunua au amekuja kucheka tu. Jina lake Verlon Tibbs, na kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majengo. Kabla wiki haijaisha alikuwa ameshaingia kwenye chumba cha chini cha kanisa letu, amekaa na kina mama, anawauliza wanataka jiko litazame wapi. Bi Lucille, mama yake Odessa, alisema litazame watoto wanapochezea. Verlon akachora ua mmoja katikati, na kila dirisha la jiko likaelekea uani. Tulimpenda. Odessa alitupita sote.

Kila siku saa kumi na mbili jioni Verlon alimpigia Odessa simu.

"Umekula?"

"Maharage na mkate wa mahindi. Wewe?"

"Nimekula sauti yako tu."

"Utakonda, mpenzi."

Majira ya baridi yalipokwisha alikwenda kwa Bi Lucille kumposa Odessa, na harusi ikapangwa mwezi wa sita. Lakini ulipoingia mwezi wa nne simu zilianza kupungua. Alisema kazi zimemwelemea, naye Odessa akaamini, kwa sababu hakuwa na sababu ya kutoamini.

Baraza la jiji lilipoitisha kikao cha wazi, tulijaza viti vya nyuma tukiwa na nguo zetu za kanisani. Watu wa kampuni ya ujenzi iliyolitaka eneo letu waliingia na ubao uliofunikwa. Kitambaa kilipoondolewa, Odessa aliuona ua, akaona madirisha ya jiko yakielekea uani. Jengo lilikuwa letu, ila lilikuwa la kuuzwa kwa wenye uwezo. Na aliyesimama kulieleza kwa niaba ya kampuni, amevaa suti mpya ya kijivu, alikuwa Verlon. Alisema wakazi walishirikishwa na muundo huu waliuchagua wenyewe. Macho hakuyainua kutoka kwenye karatasi yake.

"Si yule mwenzetu?" Bi Lucille aliuliza kwa sauti ya chini.

Odessa aliomba nafasi ya kusema. "Ni kweli alituuliza," alisema. "Tulimweleza hadi mahali watoto wetu wanapochezea. Ila hakutwambia anamwulizia nani."

Baraza likaahirisha uamuzi kwa mwezi mmoja. Jioni hiyo simu ililia.

"Dessa, nisikilize. Wangelichukua eneo lote. Nimewabana mpaka wameandika nyumba arobaini ziwe za wapangaji wa zamani. Karatasi ninayo."

"Tuko familia mia na kumi. Hao arobaini umewachagua wewe?"

"Niliona afadhali arobaini kuliko kukosa zote."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ndiyo maana watu huulizana."

Akakata simu, akaketi sakafuni, akalia mpaka mama yake akaja kuketi naye.

Verlon aliacha kazi ile. Karatasi aliileta mwenyewe kanisani, akampa wakili wetu mbele ya watu. Kampuni ilikuwa imeshakubali kwa maandishi kwamba kuwapa nyumba wapangaji wa zamani kunawezekana, basi tuliwabana hapo mwezi mzima, tukapata nyumba themanini na mbili. Wengine walikwenda kwa ndugu zao, na wapo ambao hatujawaona tena.

Ilibaki kumchagua mtu wa kusimamia michoro kwa niaba yetu. Jina la Verlon likatajwa, watu wakanung'unika, Odessa akaitisha kura. Mikono ilipanda mmoja mmoja, na wake ukiwemo, mpaka Verlon akapita.

Mlangoni Verlon alimfuata. "Niliuona mkono wako, Dessa. Mwezi wa sita haujafika."

"Unachora vizuri. Mkono ule ulikuwa wa nyumba."

"Na mimi?"

Alimtazama kwa muda mrefu, kwa macho ya mtu ambaye bado anampenda.

"Nyumba nitaikagua kila siku, nikiona ufa nitakuita uuzibe. Mume siwezi kumkagua kila siku, Verlon. Nitachoka."

Akamshika mama yake mkono, wakaenda zao. Verlon alirudi ndani kupanga viti, na hakuna aliyemkataza.