Kivuli Kwenye Kitambaa cha Kijani

Kivuli kimoja hakikuwa cha mtu yeyote mle sebuleni.

Aliyekiona kwanza ni mwalimu, pembeni mwa kitambaa cha kijani alichotundika ukutani ili arekodi video za hadithi za watoto. Mumewe, fundi umeme, alikuwa amefunga taa mbili, kulia na kushoto, zimulike kitambaa sawasawa ili kompyuta ifute kijani chote na kuweka picha ya msitu. Binti yao wa miaka sita, waliyemwita Chiriku kwa kuwa hafungi mdomo, alisimama mbele na gauni lake jekundu.

"Baba Chiriku, taa zako zinatuchezea," mwalimu alisema.

"Taa zangu hazina neno. Angalia nyuma ya kitambaa, labda umesahau ufagio."

Hakukuwa na ufagio. Fundi akasogeza taa, akamvuta mtoto hatua mbili mbele. Kivuli cha Chiriku kikafifia mpaka kikaisha, kama alivyotaka. Kile kingine hakikutikisika. Ikaingia harufu ya nywele zilizoungua.

"Ni wewe unanifanyia mzaha?" mwalimu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Na mimi nilitaka kukuuliza wewe."

Taa zote zikazimika, sekunde moja tu, zikawaka. Kitambaa kilikuwa safi. Fundi akajisifu weee, kisha wakarekodi hadithi nzima bila kurudia hata sentensi moja. Chiriku hakuuliza kitu wala hakuomba maji. Alipomaliza alikaa kimya, mikono mapajani. Mwalimu alimtazama kwa jicho la pembeni, akaona aibu kumshuku mwanawe wa kumzaa.

Mchana uleule alijifungia chumbani na kompyuta, akavaa hedifoni, akaiamuru ifute kijani. Kitambaa kikatoweka, msitu ukaja, lakini pamoja na kitambaa mtoto naye akatoweka, gauni jekundu na yote, na pale aliposimama pakabaki kivuli kidogo kilichokimbia huku na huko kati ya miti, kikilia na kumuuliza masikioni mwake maswali yasiyokwisha: Mama, yule anayesoma hadithi ni nani, mama, kwa nini kavaa gauni langu, mama, mbona hamnioni?

Mlango uligongwa. Alifungua huku hedifoni zikiwa bado masikioni. Mumewe alikuwa amembeba mtoto mabegani.

"Tunakwenda dukani. Leo katulia, anastahili zawadi."

"Mshushe," mwalimu alinong'ona. "Mshushe polepole, baba. Huyo siye."

Fundi alitaka kucheka, akaona macho ya mkewe, akaacha. Alishika ile mikono midogo iliyomzunguka shingo, akavuta.

"Hataki kuniachia," alisema.

Akavuta tena. Halafu mikono ya fundi ikalegea, uso ukatulia, akatabasamu.

"Twende sote basi," alisema kwa upole.

Masikioni mwa mwalimu, Chiriku alikuwa ameacha kulia.

"Mama, baba naye kafika huku. Wewe unakuja saa ngapi?"