Mtazamaji wa Benchi la Nyuma

Magharibi ilipokwisha kuswaliwa, Ruweyda alifungua banda lake la video pale Masalani, akawasha jenereta, akajifungia ndani. Kesho yake ilikuwa Idd. Vijana wa mji mzima walikuwa wakiisubiri sehemu ya tatu, ya mwisho, ya filamu za yule shujaa anayegeuka mnyama ili kulinda mji wake. Lakini Ruweyda haonyeshi filamu ambayo hajaitazama mwenyewe. Ndiyo maana wazazi humwamini.

Akaketi mbele, peke yake.

Mbili za kwanza alizipenda. Hii ilimtia kinyaa mapema. Shujaa hakulinda mtu tena. Alirarua tu na kutafuna, na kamera ikaganda pale pale kwenye matumbo, kana kwamba mtazamaji ni nzi.

Kisha ikaja harufu...

Mzoga. Mzoga wa siku nyingi, uliolala juani. Akadhani ni panya aliyefia chini ya mabenchi. Halafu akasikia mtu anatafuna. Si kwenye spika.

Nyuma yake.

Kwenye benchi la mwisho aliketi mzee mmoja asiyemjua, amejifunga macawis kiunoni, shuka lenyewe limekakamaa kwa uchafu.

"Abaayo," alinong'ona, kama mtu anavyomwita dada yake. "Unaionaje?"

Ruweyda akajibu: "Haifai."

"Kweli haifai. Anageuka kwa kelele nyingi." Akatoa kijiti, akaanza kukisugua kwenye muundi wa mguu. "Sivyo hivyo."

Kwaru... kwaru...

Ngozi ikajikunja kama utando wa maziwa. Chini yake mlikuwa na manyoya yenye madoa, yamelowa. Usaha ukadondoka sakafuni. Mdomo ukarefuka, na bado ulikuwa unatabasamu.

Jenereta ikazima.

Ruweyda alijaribu kusoma Ayatul Kursi, maneno yakampotea. Pumzi ya moto ikasogea. Ulimi mpana, wenye kukwaruza, ukamlamba mkono wa kulia kutoka kiwiko hadi vidoleni. Polepole... kama mtu anayeonja mchuzi.

Kisha mabati ya nyuma yakapasuka, na kicheko kikapotelea vichakani upande wa mto.

Kaka yake Abdimalik alimkuta mlangoni akitapika. Alipomulika ndani kwa tochi, waliona mate yanayovutika kwenye benchi, na ukwato wa mbuzi unaotambaliwa na funza.

Ami yao Kerrow, mchungaji wa miaka mingi, alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Qori ismaris," alisema kwa sauti ya chini. "Mtu anayejisugua kijiti jua likizama, akawa fisi. Babu zetu waliwajua. Kwa nini amekuonja akakuacha, hilo silijui."

Akamwambia aoshe mkono mara saba, ya kwanza kwa udongo. Akaosha. Uvundo haukutoka.

Asubuhi ya Idd vijana walijaa mlangoni. "Sista, ni kali?"

"Ni uchafu mtupu," akasema. "Siionyeshi."

Wakaguna, wakatawanyika.

Nyumbani, mama yake alikuwa akikatakata nyama mbichi ya mbuzi. Ruweyda akaziba pua kwa mkono ule wa kulia, na uvundo ukampanda hadi kichwani. Akangoja kichefuchefu.

Hakikuja.

Mate yalimjaa kinywani.