Daftari la Mwalimu Icie

Wewe ungefanya nini daftari la mahudhurio la shule lenye miaka sitini likianza kunuka vitunguu mwitu katikati ya Oktoba?

Orlena Stamper alifungua dirisha. Alikuwa mtunza nyaraka wa wilaya, mwanamke msomi asiye na subira na porojo, na chumba chake chini ya maktaba kilijaa Biblia za familia zenye tarehe za vizazi na vifo, pamoja na madaftari ya vishule vya milimani vilivyofungwa zamani. Vitunguu mwitu huota Aprili. Watoto waliovila walinuka hadi mwalimu akawatoa nje. Oktoba havipo.

Daftari lilikuwa la mama yake, Mwalimu Icie, aliyefundisha peke yake Shule ya Laurel. Kila asubuhi Orlena alilikuta wazi kwenye ukurasa uleule: tarehe kumi na nne Aprili, siku aliyopotea Dulcie Sizemore, mtoto wa miaka minane. Mbele ya jina lake palikuwa na alama ya kuwa yupo. Orlena aliigusa, wino ukabaki kidoleni. Ulikuwa mbichi.

Alilikandamiza kwa Biblia tatu. Kesho yake Biblia zilikuwa sakafuni, zimepangwa vizuri kuliko alivyozipanga yeye. Mchungaji Crockett alikuja na chupa ya mafuta, akamkemea pepo kwa sauti ya mimbarini. Kiti kitupu kikajivuta nyuma yake, akakumbuka ana mgonjwa wa kumtembelea.

"Msalimie," Orlena alimwambia.

Mama alipoelezwa hakuuliza swali hata moja. Alisema daftari lichomwe. Hapo ndipo Orlena alipoogopa kweli, kwani mama yake hakuwahi kutupa hata kipande cha chaki.

Orlena alikataa. Hobert, kaka yake Dulcie, siku ile alikuwa kalala nyumbani na matubwitubwi. Sasa ni mzee, mapafu yameliwa na vumbi la makaa ya mawe, na bado kila masika alipanda na koleo kumtafuta kwenye mlima wa nyuma ya shule, kwa kuwa daftari lilisema dada yake alifika darasani, basi alipotea baada ya masomo, watoto walipopanda huko kuchimba vitunguu mwitu. Njia ya kutoka kwao hadi shule, iliyopita kando ya shimo la mgodi wa zamani lililojaa maji, hakuna aliyeipekua. Makaburini kwao jiwe la Dulcie lilipambwa maua kila Mei, na chini yake hapakuwa na kitu.

Asubuhi iliyofuata, saa mbili, Orlena aliketi mbele ya daftari, akaanza kuita majina kama mama yake alivyoyaita, na kila jina lilipotoka harufu ilizidi, na nyayo ndogo zenye maji zikapita kati ya rafu bila haraka, zikizunguka meza, zikisimama, zikianza tena, hadi baridi ikamkaa kwenye goti la kushoto kama mkono wa mtoto, naye akaendelea kusoma kwa sababu kunyamaza kungekuwa kubaya zaidi.

"Dulcie Sizemore."

"Sikuja," ilisema sauti, chini ya meza.

Orlena alifunga daftari, akalitia kwapani. "Nimekusikia," alisema. "Usinitishe tena. Twende kwa aliyeandika."

Alimpitia Hobert. Mama alikuwa barazani akimenya matufaha.

"Mama, Dulcie alifika shule siku ile?"

"Si daftari linasema."

"Nakuuliza wewe."

"Unanivunjia heshima mbele ya mgeni."

"Hobert si mgeni. Ndiye anayechimba."

Hobert alivua kofia. "Mwalimu, pumzi ya masika mengine sina. Niambie tu nichimbe wapi."

Harufu ya vitunguu ilipanda ngazi kabla ya nyayo. Kisha nyayo: moja, mbili, tatu, zikiacha maji juu ya mbao kavu, zikanyamaza kando ya kiti cha Mama. Aproni yake ikavutwa, taratibu, kama mtoto anavyomvuta mwalimu aliyemsahau.

Mama aliweka kisu chini.

"Alama za wiki nzima nilizitia Jumatatu," alisema. "Daftari lingeonyesha watoto wachache, shule ingefungwa. Dulcie hakuja, Hobert. Nilijua asubuhi ileile, nikawaacha mpande mlima."