Nilimfumania Mume Wangu Akila Tambi

Nina miaka arobaini na moja, Mkenya, naishi peke yangu ughaibuni, Brooklyn Park, nje kidogo ya Minneapolis. Mume nilikuwa naye, wasomaji wenzangu... nikamfukuza kwa mdomo wangu mwenyewe!

Mwaka ule nilikuwa nimefeli mtihani wa uuguzi mara mbili. Nilikuwa mchungu kama shubiri. Hapo ndipo Elija, mume wangu wa miaka kumi na miwili, alipoanza kukataa chakula changu.

Nikipika mbuzi, ameshiba. Nikikaanga kuku, tumbo linamsumbua. Mluhya akatae kuku? Na shati lake linanuka ufuta na kitunguu saumu! Nani alikuwa akimpikia?

Mchana mmoja nilimfuata alipotoka kazini Bloomington. Aliegesha gari Minneapolis, mbele ya mkahawa wa Kijapani wenye meza nne tu. Dirishani nilimwona mama mmoja, mwenye mkahawa, akimletea bakuli la zile tambi za mchuzi wanazoita ramen. Mama akaketi mbele yake, wakacheka.

Si ningeingia niulize? La! Nilipiga picha, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa kanisa: "Huyu ndiye anayemlisha mume wangu. Niombeeni!"

Majibu yalimiminika. "Dada, pafukapo moshi pana moto!"

Nikaingia nikipiga kelele. Elija aliweka kijiko chini.

"Niko kwa mfungo wa Danieli, sili nyama," akasema. "Hapa hawatumii nyama, maziwa, wala mayai. Nakuombea u-pass hiyo exam."

"Na mbona ulinificha?"

"Si kufunga ni siri ya mtu na Mungu wake? Lakini ungeniuliza, ningekuambia."

Yule mama, bila kuelewa neno hata moja, alinivutia kiti nikae. Aibu iliyonishika...!

Nilifuta picha, lakini ningeifutaje kwenye simu za watu? Jumapili ile Elija, kiongozi wa kwaya, aliambiwa akae kando kwanza. Nilimweleza mama mmoja mmoja ukweli. Walinijibu, "Sawa dada," huku macho yao yakisema mengine. Walidhani namfunika! Shaka niliyoipanda mimi ilikuwa imeota kwao, na sikuweza kuing'oa.

Elija alivumilia miezi miwili. Kisha akahamia Oakdale kwa binamu yake. Hakunitukana hata kidogo, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Mtihani nilirudia... nikapita! Nilimpigia simu yeye kwanza. Akasema, "Mungu asifiwe." Kisha akakata.

Dada zangu, nawasihi. Mtu wako akikosa hamu ya chakula chako, muulize yeye kabla hujauliza kundi. Mimi nilipata majibu arobaini kwa dakika tano, na leo hakuna hata mmoja wa walionijibu anayekula nami mezani.