Vidole vya Fundi Vigae

Saa nne asubuhi ukumbi wa dharura wa hospitali ulikuwa umejaa mpaka mlangoni. Fundi vigae aliingizwa kwa kiti cha magurudumu, jinzi imelowa damu gotini, shati limejaa vumbi jeupe. Daktari alianza kumhudumia hapohapo. Kilichobaki ni mhakiki wa bima kuthibitisha kadi.

Mhakiki, dada wa blauzi ya kijani ambaye hakuwa amekaa tangu afike, alimbonyeza kidole kwenye mashine ya alama za vidole. Ikakataa. Akajaribu vyote kumi. Saruji ilikuwa imekula alama zote.

"Hakuna mwanamke aliyewahi kunishika mkono muda mrefu hivi," fundi alisema, akiuma meno kwa maumivu.

"Tulia," alijibu, akijizuia kucheka.

Akalinganisha uso wake na picha ya kadi, akamwidhinisha kwa sahihi. Fundi alishonwa, akaondoka na namba ya simu ya mhakiki. Wiki mbili walipigiana kila mapumziko ya mchana, na mhakiki akaanza kupaka wanja kazini.

Kisha wakaja wakaguzi. Waliiona sahihi isiyo na alama ya kidole, wakasema huenda aliyetibiwa alitumia kadi ya mtu mwingine. Mhakiki akasimamishwa kazi, akapewa siku tatu za kumleta mgonjwa huyo. Alimpigia fundi, akaacha ujumbe, akapiga tena. Siku ya pili simu ya fundi ikazimwa kabisa. Alizunguka chumbani toka dirishani hadi mlangoni. Mama yake alimwambia akae, hakuweza.

Siku ya tatu fundi alijitokeza kwa wakaguzi akichechemea, kitambulisho mkononi. Yakaisha, mhakiki akarudishwa kazini. Nje, kwenye ngazi, mhakiki hakumpa mkono.

"Uliona nakupigia?"

"Niliona. Nilisikia wakaguzi wananitafuta, nikaogopa watanifutia kadi, na mama anaitegemea kwa dawa za moyo. Sikujua unaumia wewe, mpaka dada yangu aliposikiliza ujumbe wako."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza."

Ilichukua miezi moyo wa mhakiki kulainika, na fundi hakuchoka kupiga. Asubuhi moja akapanga foleni kwenye dirisha la mhakiki hospitalini, akasukuma fomu ya kuongeza wategemezi. Mahali pa mwenza aliandika jina la mhakiki.

"Huyu hujamuuliza," mhakiki alisema.

"Ndiyo namuuliza."

Nyuma foleni ilianza kunung'unika. Mhakiki akasahihisha herufi moja ya jina lake, akamrudishia karatasi.

"Hii inataka cheti cha ndoa. Mama yangu anatoka kazini saa kumi. Usichelewe kufika nyumbani."