Vipimo vya Dirisha la Sebuleni

"Unakoroma?"

"Nikilala sijisikii, dada. Niliyekuwa nalala naye ni mama, na hajawahi kulalamika."

"Unaleta wanaume?"

"Wangu ni mmoja, tunaoana baada ya miezi miwili. Kabla ya hapo hakanyagi chumbani kwangu."

Mwenye nyumba akacheka. Alikuwa muuguzi, mtaa mzima ukimwita Sista, na alikuwa bado na sare ya zamu ya asubuhi. Mlangoni alisimama dalali aliyejiita Meya, kwa kuwa alijua kila nyumba na aliyehama na kwa nini.

"Si nilikwambia, Sista? Nimekuletea mtu wa dini. Huyu hata mbu anamwomba radhi kwanza."

"Meya, shuka chini. Tuache wanawake tuongee."

Meya akashuka. Mgeni akabaki ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Huko alikotoka walimwita Pindo, kwani alikuwa fundi cherehani na pindo lake halikuonyesha uzi. Ilikuwa siku yake ya tatu mjini. Mchumba wake, ambaye wote walimwita Mrefu, alikuwa fundi wa lifti, naye alimwambia wazi kwamba kwenye bweni la wafanyakazi anakoishi, wanawake hawaruhusiwi. "Tafuta wasichana wenzako wa kukaa nao, uzoee mji," alimwambia, "halafu tutafunga ndoa." Akamwelekeza akatafute upande ule wa mbali wa mji. Pindo akaona hapana. Mtu unampenda, utakaaje mabasi mawili mbali naye? Akamwambia Meya amtafutie karibu na lile jengo refu anakofanyia kazi mpenzi wake.

Sista akamtembeza. Jiko la watu wawili, bafu lenye maji ya uhakika, chumba cha nyuma chenye kabati.

"Mimi nina zamu, sipendi nyumba ikae tupu. Nataka mtu mtulivu. Mchumba wangu huja, lakini hana makuu. Ukimsalimia ameridhika. Njoo uone sebule."

Sebule ilikuwa na giza kidogo. Sista akavuta mapazia, mwanga ukaingia. Pindo akasimama pale pale.

Yalikuwa mapazia ya kahawia, na chini kabisa yalikuwa na mkanda wa bluu, upana wa kiganja. Mtu angedhani ni pambo. Kumbe kitambaa kilimpungukia mshonaji, akakata gauni lake alilolipenda, akaunga.

"Unayaangalia mapazia? Kila mtu anayaangalia," Sista akasema. "Alishona wifi yangu."

"Wifi yako?"

"Dada yake mchumba wangu. Sijamtia machoni. Niliomba namba nimshukuru, nikaambiwa dada mwenyewe ana haya, hapendi simu."

Pindo akapiga magoti. Akageuza upindo wa chini, akapitisha kidole kwenye mshono. Mtu hausahau mkono wake mwenyewe. Miezi minne iliyopita Mrefu alimtumia ujumbe: "Nimeona nyumba yetu. Dirisha la sebuleni upana mita mbili na sentimita saba, urefu mita moja na nusu. Anza mapazia." Akashona siku tatu, akayatuma kwa basi. Baadaye Mrefu akasema mwenye nyumba amebadili mawazo, ila mapazia yapo salama ndani ya begi lake.

"Hee, kweli wewe ni fundi," Sista akasema. "Umeona kosa?"

"Huyo mchumba wako anafanya kazi gani?"

"Fundi wa lifti. Lile jengo refu hapo mbele. Mbona umekaa chini, dada?"

"Naomba maji."

Sista alikuwa anarudi na bilauri simu ya Pindo ilipoita. Pindo akaangalia jina, akainua uso.

"Dada, nakuomba usiseme neno. Sikiliza tu."

Akaweka sauti ya nje.

"Pindo wangu, umefika wapi na chumba?"

"Nimepata. Nimo ndani yake sasa hivi."

"Mungu mwema. Upande ule niliokuambia?"

"Hapana, nimetafuta karibu na wewe. Nyuma ya jengo lenu, ghorofa ya tatu, mlango wa kijani. Nitakaa na muuguzi."

Upande wa pili ikasikika mashine ikivuma, na mtu akiuliza bisibisi iko wapi.

"Pindo, hicho chumba usichukue. Pale kuna wezi."

"Wezi?"

"Ndiyo. Na huyo muuguzi namsikia sikia, ana maneno. Toka, tukutane chini. Nakuja."

Sista akaweka bilauri mezani taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Unanisikia sikia?" akasema. "Mwaka na nusu, unanisikia sikia?"

Simu ikakatika.

Wanawake wale wawili wakatazamana. Hakuna aliyejua aanze vipi, maana hakuna kati yao aliyekuwa mwizi.

"Wewe ndiye wifi," Sista akasema.

"Mimi ndiye mchumba. Barua ya posa iko kwa mama, sandukuni."

"Mimi alinitambulisha kwa wenzake wote kazini. Walinipigia makofi."

"Sikujua, dada."

"Najua hukujua. Ungekuwa umejua, ningejua la kukufanya. Ona sasa, hata wa kumpiga sina."

Pindo alitaka kucheka, akashindwa. Ndani yake bado kulikuwa na kamoyo kadogo kalikokuwa kakimtetea Mrefu. Labda amepanga tu hapa. Labda huyu dada amejipa moyo mwenyewe. Miaka mitatu ya uchumba haiyeyuki kwa mapazia. Akaomba kimoyomoyo, "Ee Mungu, mpe neno moja la kweli, nitampokea nalo."

Ufunguo ukazunguka mlangoni. Hakubisha hodi; alikuwa na wake.

Mrefu akaingia anahema. Akavua viatu, akavisukuma kwa kisigino chini ya stuli bila kutazama. Mkono wake ukaenda nyuma ya mlango, ukakuta msumari, ukatundika begi. Akaipita meza kwa kukunja kiuno, pale ilipochongoka kona, kama anayeijua hata gizani. Ndipo akawatazama.

Kile kisigino ndicho kilichomuua Pindo, kabla ya neno lolote. Mdomo unaweza kuongopa, lakini miguu haiizoei nyumba kwa uongo. Kamoyo kale kakanyamaza.

"Pindo, nisikilize."

"Nakusikiliza. Kwa nini mapazia?"

"Kila ukipiga simu ulikuwa unauliza nyumba imefika wapi. Siku ile nilikuwa nimesimama hapa. Nikapima dirisha lililokuwa mbele yangu, ili uridhike. Sikudhani utashona kweli."

"Mimi ni fundi. Mtu akinipa vipimo, nifanye nini navyo?"

Mrefu akayatazama mapazia.

"Haya. Na kuniita mjini?"

"Sikuweza kumwambia mama yako usoni. Amenilisha kama mwanawe." Akafuta jasho. "Nikasema ukija huku, ukipata wenzako wa kukaa nao, ukapata wateja, utazoea. Mwisho utaniacha wewe mwenyewe."

"Ulinileta nije nikuache."

"Sikutaka kukuumiza, Pindo."

Sista akadakia, "Na mimi ungeniambia nini?"

"Wewe usingejua."

"Lo. Mwenzetu alishapanga kila kitu. Alikosa dalali tu."

Pindo akasimama.

"Nina swali moja, halafu naondoka. Ukiambiwa leo uchague, unamchagua nani?"

Macho ya Mrefu hayakwenda kwa Pindo. Yalikwenda kwa Sista, yakatulia pale, kama mtoto aliyevunja chungu anavyomtazama mama yake.

"Usiniangalie mimi," Sista akasema, machozi yakimtiririka. "Umeulizwa na mwenzio." Kisha akamgeukia Pindo. "Dada, unataka nimfukuze? Sema tu."

"Usimfukuze kwa ajili yangu. Ukiona vema, mfukuze kwa ajili yako."

Akachukua mkoba, akatoka. Hakuna aliyemfuata ngazini.

Chini, Meya alikuwa anachokonoa meno kwa njiti.

"Vipi, chumba kimekataa?"

"Chumba hakina neno. Nitafutie kingine. Leo hii."

Meya alikuwa na mzaha mdomoni. Akauona uso wa Pindo, akaumeza mzaha wake.

"Twende, binti yangu."

Njiani simu ikalia. Ujumbe wa Mrefu: "Nisamehe. Nitampigia mama nimweleze."

Akajibu: "Usipige. Nitamwambia mwenyewe."

Akapiga papo hapo, kabla ujasiri haujamkimbia.

"Mama, harusi haipo."

"Unasemaje?"

"Ana mwenzake. Nimemwona, nimekaa naye. Ni mwanamke mzuri, Mama. Hata kumchukia nimeshindwa."

Mama akavuta pumzi ndefu. "Rudi nyumbani, mwanangu. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini."

"Guu langu zima, Mama. Na cherehani imeshapakiwa, inafika kesho."

"Mbona sauti yako kavu hivyo? Hulii?"

"Niko barabarani, Mama. Watu wanapita. Ngoja kwanza nipate chumba."

Mama akasema, "Basi Mungu akupe nguvu," akaanza kulia yeye.

Nyumba ya tatu waliyoingia ilikuwa ya wanawake wawili wasusi, na chumba kimoja kilikuwa wazi, kidogo, kikitazama ukuta wa jirani. Wasusi wakamkaribisha, mmoja akamwuliza kama ameolewa. Mwenzake akamtazama mgeni, akamfinya yule aliyeuliza.

"Maji yanatoka asubuhi na jioni," Meya akaanza kueleza. "Umeme mnachangia, na dirisha hili..."

"Dirisha sitaki kuliona. Mlango una komeo?"

"Lipo."

"Linafunga kweli?"

Meya akalisukuma. Likaingia.

"Basi nachukua."

"Dada, hata hujauliza bei," msusi mmoja akasema.

"Nitauliza nikitoka."

Akawasubiri watoke, wote watatu. Akafunga komeo, akakaa sakafuni, akauweka mkoba usoni.

Kule sebuleni, wasusi wakaongeza sauti ya redio.